Jina la Baba kwenye Kichupa

Kawetele, 9 Februari 2025

Baba,

Shikamoo. Naandika nikiwa nimeinamisha kichwa, ingawa hunioni. Huu ni mwaka wa sita tangu Asajile anioe, na sijawahi kukusemesha. Ukipita njiani mimi huingia migombani, ukija hapa mimi hutokea mlango wa uani. Simu ulishaikataa, ukasema sauti ya mkwe ni sawa na uso wake. Juzi nikiwa nanyonyesha nikawaza: wazee walioweka mwiko huu hawakuwa wakiandikiana barua, kwa hiyo hawakuzikataza. Kama nimekosea, mpe Mama, mkeo, anirudishie karatasi hii bila neno, nitaelewa.

Sisi wazima. Obed ametimiza miaka minne na anamtangazia kila mtu kwamba yeye ni dereva wa lori. Agness ana miezi minane, anaota meno. Usiku analia, mchana anapumzika. Mimi mchana sipumziki. Mwanao bado yuko Tunduma kwenye ujenzi. Anakuja mwisho wa mwezi, analala, anaondoka. Mvua imeangusha migomba miwili ya upande wa choo.

Kazi yangu mpya umeshaisikia kwa Mama. Mimi ni karani wa daftari la saratani hospitalini hapa Tukuyu. Walitaka mtu wa kidato cha nne ambaye mwandiko wake unasomeka, basi. Wilaya tano zimeungana, kwa sababu hakuna hata moja ambayo ingeweza peke yake: kamera moja ya kutazama koo na tumbo, inazunguka kwa gari, maabara moja Mbeya, friza moja ya kutunzia sampuli, daktari mmoja wa kuzisoma, na daftari moja. Watafiti nao wanatumia vitu hivyo hivyo. Daktari anasema ugonjwa huu umeandikwa sana kwa watu wa mbali, sisi tumeandikwa kidogo mno.

Sasa neno lililonifanya nishike kalamu. Mama ameniambia, na usimgombeze, kwamba tangu Krismasi unachovya ugali kwenye mchuzi mpaka unakuwa uji, nyama unampa paka, na ukimeza unasimama kwanza. Baba, hayo yote yako ukurasa wa kwanza wa fomu ninayoijaza kila siku. Kamera itakuwa hapa tarehe 10 hadi 14 Machi. Naomba uje.

Mkweo,
Mama Obed


Isongole, 2 Machi 2025

Mama Obed,

Marahaba. Karatasi imefika. Nimeisoma mara mbili, ya pili kwa miwani. Nilimuuliza mzee mwenzangu Lazaro kama barua inavunja mwiko. Alifikiri mpaka chai yake ikapoa, akasema barua haina macho. Basi tuandikiane.

Huku tunaendelea. Shamba la juu viazi vimekubali, la chini vimeshikwa na ukungu. Ng'ombe amezaa, ni dume. Mama yako ni mzima, na mdomo wake ni mzima kuliko yeye. Bahasha yako ilifika imebandikwa kwa ugali wa moto, nami najua wewe unatumia gundi. Kwa hiyo ukiandika, ujue unaandikia watu wawili.

Kuhusu paka: ana mimba, anahitaji nyama. Kuhusu kusimama: mtu mzima akila hupumzika katikati, hana anayemkimbiza. Meno nayo yamepungua.

Kuhusu vitu vya pamoja, hapo nina la kusema. Mwaka juzi tulinunua pampu ya kupulizia dawa ya viazi, kaya kumi na mbili. Leo tangi liko kwa Godwin, mpira uko kwa shemeji yake, na kichwa cha pampu kila mtu anamtazama mwenzake. Kitu cha wote hakina mama, mwanangu. Sasa wewe unaniambia kamera ya wilaya tano. Imeshaingia koo za watu wangapi kabla haijafika kwangu?

Na hata ingekuwa mpya. Anayekaa pale na kalamu kuwauliza watu wanameza nini na wanatapika nini ni wewe. Nimjibu mke wa mwanangu habari za tumbo langu? Hapana, mama. Machi navuna.

Nawatumia debe la viazi. Ndaga fijo, asante sana, kwa salamu zako. Mwambie dereva wa lori apunguze mwendo.

Baba yako


Kawetele, 23 Machi 2025

Baba,

Shikamoo. Viazi tumekula na vingine nimempa jirani yangu Biubwa, ambaye hunishikia Agness ninapokuwa kazini. Meno mawili ya chini yametoka. La tatu likianza nitahama nyumba niwaachie wenyewe.

Kamera ilikuja, imeondoka. Walipima watu thelathini na mmoja. Kila mlango ulipofunguliwa nilitazama miguu, kwa sababu viatu vyako navijua. Havikuja.

Umeniandikia habari za pampu na siwezi kubishana na pampu. Lakini Baba, masufuria ya msiba anayatunza nani? Ni wewe, mwenyekiti wa chama cha kuzikana. Kaya tisini, masufuria sita makubwa, sahani mia mbili, turubai. Ni vya wote na vipo vyote. Mama alinisimulia ulivyomfuata mtu kwa miguu mpaka Nkunga kwa ajili ya upawa mmoja. Pampu ilikosa daftari na ikakosa mtu mkali. Kamera inavyo vyote viwili. Kila baada ya mgonjwa inaoshwa kwa dawa, saa inatazamwa, muuguzi anatia sahihi, na asipotia sahihi mimi simwandiki mgonjwa anayefuata hata daktari akinuna. Sahani zako za msiba hazioshwi hivyo, unisamehe.

Lile la pili, la mimi na kalamu yangu, nimeliwaza nikifua, nikipika, nikibembeleza mtoto. Nimezungumza na muuguzi Rahma, binti ya fundi Bushiri mshona nguo pale mjini. Tutafunga pazia. Rahma atakuuliza wewe, wewe utamjibu Rahma, mimi nitakuwa nyuma ya pazia naandika, sitatoa sauti. Hutaniona, sitakuona. Siwezi kumwachia mtu mwingine daftari, karani ni mimi peke yangu.

Unaandika kwamba ni meno. Mama anasema mkanda umeutoboa matundu mawili mapya tangu Januari. Meno hayapunguzi kiuno, Baba. Sina haki ya kukuamuru, mimi ni mtoto kwako. Naandika tarehe tu: 7 hadi 11 Aprili. Mtu haji ameshiba. Anakula mara ya mwisho jioni ya kuamkia siku yenyewe.

Mkweo,
Mama Obed

Mama, najua unasoma. Mfichie huyo paka nyama.


Isongole, 2 Aprili 2025

Mama Obed,

Marahaba, na mama yako anaitikia pia, amesahau kwamba hatakiwi kujua.

Neno la masufuria limenikaa. Nimelifikisha kwenye kikao chetu cha kuzikana, wakacheka, halafu wakaniuliza: mwenyekiti, hiyo kamera wewe umeiona? Nikasema bado. Kwa hiyo nitakuja tarehe 8 kukagua. Nakuja kama mwenyekiti. Kama katika kukagua itabidi waipitishe kooni kwangu nione inavyofanya kazi, hilo nitalitazama huko huko.

Masharti. Pazia lifike sakafuni. Nikifika mlangoni nitakohoa mara tatu, ujifiche. Huyo binti ya Bushiri asiniite babu mbele za watu, nina miaka sitini na saba tu. Na nimeambiwa nije na njaa; sijawahi kuona ukaguzi wa njaa, lakini dunia inabadilika.

Ukungu umelimaliza shamba la chini. Tutapanda maharage.

Baba yako


Kawetele, 21 Aprili 2025

Baba,

Shikamoo, na pole na koo. Obed anauliza kama kamera imekupiga picha na kama umevaa shati.

Nianze na kucheka, kwa sababu mbele sitacheka. Ulipokohoa mara tatu mlangoni nilikimbilia nyuma ya pazia kama tulivyopatana. Lakini ile ni kliniki ya koo, Baba. Kabla yako walishakohoa wazee wanne, na kila mmoja alinikimbiza. Ulipofika wewe kweli nilikuwa nimeshachoka kwa mbio. Halafu Rahma akakuuliza, "Mzee, ugali unapita?" Nawe ukasema, "Mwambie anayeandika aandike viazi vinapita." Rahma akasema hakuna anayeandika. Ukasema, "Basi mwambie huyo hakuna, viazi vinapita." Niliziba mdomo kwa kanga.

Sasa naomba uketi.

Daktari alikuambia kwamba aliona mahali koo limebana, na pembeni yake doa dogo, akatoa vinyama viwili, vipande vidogo vya pale pale. Kimoja kiliingia kwenye kichupa cha kwenda kusomwa Mbeya, kingine friza. Kazi ya kuandika lebo ni yangu. Nilishika kalamu, nikasoma kitambulisho chako, na mkono ukakataa, kwa sababu mwiko wetu unanikataza hata jina lako. Hata jina la mume wangu mimi naliishia nusu, kwa sababu linalofuata ni lako. Kadi ya kliniki ya Obed niliandikiwa na muuguzi. Usiku ule Agness hakuwa amelala, wala mimi, nyuma yako kulikuwa na wagonjwa kumi na tisa. Nikaandika "Babu Obed". Kwenye kichupa, na kwenye daftari.

Ijumaa maabara wakapiga simu. Kitambulisho kinasema jina moja, kichupa jingine, kwa hiyo wamekiweka kando, hakijasomwa. Wana haki, vichupa vinatoka wilaya tano, wakianza kubahatisha watampa mtu ugonjwa wa mwenzake. Kosa ni langu. Na sharti lao ni kwamba aliyeandika ndiye anayesahihisha: niandike upya kwa mkono wangu, kisha nilitamke kwenye simu pamoja na mwaka wa kuzaliwa, wakilinganisha. Rahma hawezi kunisemea. Nilijaribu. Mtu wa maabara akasema, "Taja tu jina, dada." Nikamwambia nina mgonjwa, nikakata. Hakukuwa na mgonjwa.

Wiki mbili doa lako linangoja kwa sababu ya ulimi wangu. Niruhusu nilitaje, Baba. Kama hutaki, urudi mwezi wa tano utolewe kinyama kingine, na nitaomba karani wa kuazima aandike. Lakini naomba usichague hilo. Nimeandikisha watu wengi tangu nianze kazi hii, najua tofauti ya mwezi mmoja.

Mkweo,
Mama Obed


Isongole, 24 Aprili 2025

Mama Obed,

Mama yako anasubiri mlangoni na viatu amevaa, kwa hiyo naandika haraka.

Baba yangu mzazi alikufa kwa koo. Sijawahi kumwambia Asajile. Anajua babu yake aliugua tu. Alianza kwa kusimama akimeza. Mwishoni alikuwa anapikiwa mbalaga ya ndizi, inawekwa mbele yake, anaitazama, anatuambia kuleni nione. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Kwa hiyo uliponiandikia Februari sikujifunza jipya. Paka hana mimba. Ni dume.

Mwiko wetu ni heshima. Mimi sitaki kupewa heshima mpaka kaburini. Kama wazee walikuwa na njia ya kuulegeza sikufundishwa, kwa hiyo natengeneza ya kwangu: jogoo aliyebebwa na mama yako ni wako. Mchinje, ule paja, na hiyo ndiyo ruhusa yangu. Naandika kwa herufi kubwa ili usikosee:

ANDONGWISYE MWASYEBA, 1958.

Litaje. Likihitajika mara mbili, litaje mara mbili. Baada ya hapo usinizoee.

Baba yako


Kawetele, 8 Juni 2025

Baba,

Shikamoo. Baridi imeingia, ukungu unakaa mlangoni mpaka saa nne, nepi hazikauki. Agness anasimama kwa kushika meza. Asajile alikuja, nikamsomea kipande cha barua yako kinachohusu babu yake, kwa sababu nilidhani ni haki yake. Alitoka kupasua kuni ambazo zilikuwa zimeshapasuliwa. Atakuja kwako mwenyewe.

Jogoo nilimla paja, kama ulivyosema. Kesho yake nikafunga mlango wa ofisi, nikavua viatu, nikasimama, nikapiga. Nililitaja. Mtu wa maabara akasema simu inakatika, rudia. Nikarudia. Akaniita kwa jina langu, "Asante, Winfrida," kama vile nimemtajia bei ya nyanya. Nikakaa chini kidogo kabla ya kuvaa viatu.

Majibu yamekuja jana, na daktari ameniruhusu nikuandikie kwa sababu anajua barua yangu itafika kabla ya gari lake. Kinachokuzuia kumeza ni kovu la kidonda cha zamani, limelibana koo, hilo wanalitanua. Lile doa pembeni yake ndilo tulilokuwa tunaliogopa. Ni saratani, Baba, sitakuficha. Lakini ni changa. Iko juu juu, haijazama. Daktari alisema ungekuja mwakani kwa ajili ya kovu hilo hilo, maneno yangekuwa mengine. Sasa wanaweza kuikwangua kwa kamera yenyewe, bila kukupasua. Bingwa anakuja Mbeya tarehe 25, anawafanyia wagonjwa wa wilaya zote tano kwa siku tatu. Jina lako liko kwenye orodha. Niliandika mimi, lote.

Limebaki moja. Kile kinyama cha pili kipo friza. Kwenye fomu kuna ukurasa wa pili, unauliza: matibabu yakiisha, kilichobaki kitupwe au kitunzwe kwa utafiti, pamoja na vya wengine, wajaribu kujua kwa nini koo za watu wa upande huu zinaugua hivi. Hawataandika jina, wataandika namba. Siku ile ulipaacha patupu. Nimeiambatanisha.

Nilikusukuma uje upimwe, na ningekusukuma tena. Hili silisukumi. Kutupwa au kutunzwa, utatibiwa sawasawa. Mwili ni wako, weka alama unapotaka.

Mkweo,
Mama Obed


Isongole, 17 Agosti 2025

Mama Obed,

Marahaba. Nimechelewa kuandika kwa sababu nilikuwa nakula.

Mbeya walinilaza siku tatu. Bingwa mwenyewe ni kijana, ana ndevu chache, lakini mkono wake mtulivu. Asajile alikaa nami muda wote. Tulizungumza habari za babu yake siku nzima ya pili, mimi kwa sauti ya kukwaruza, naye akiniambia ninyamaze na huku akiuliza swali jingine. Wiki iliyopita nimerudi kuchunguzwa: pale palipokwanguliwa ni pasafi. Watanitazama tena Novemba, na kila baada ya miezi sita. Mama yako analalamika kwamba nyama haimalizi siku.

Kwenye kikao cha kuzikana nilitoa taarifa ya ukaguzi. Nilisema kamera nimeiona, na yenyewe imeniona mimi. Halafu nikauliza nani hapa anasimama akimeza. Nikasema mimi nilikuwa nasimama. Mkono wa kwanza ukanyooka, wa Godwin mwenye tangi la pampu, kisha mingine. Septemba nawaleta watu sita. Wawili kati yao ni baba wakwe wa wanawake wanaofanya usafi hapo hospitali, kwa hiyo ongezeni mapazia, na waambieni wote wasikohoe bila utaratibu.

Sasa ukurasa wa pili. Nilikaa nao siku nyingi kuliko koo lenyewe. Lazaro alisema nyama ya mtu haikai kwenye barafu na nyama za watu asiowajua. Nikamuuliza kama makaburini nitachagua jirani. Akanywa chai.

Baba yangu tulimzika na ugonjwa wake wote, hatukubaki hata na neno moja la kujifunza. Ndiyo maana mimi nilipoanza kusimama nikimeza sikuwa na kitu cha kujua, nilikuwa na woga tu. Asajile ana koo, Obed ana koo. Nimeweka alama kwenye kutunzwa. Mimi nitapumzika, nimelima vya kutosha. Hicho kinyama bado kina nguvu, wakiache kifanye kazi. Kiulizwe kila wanachotaka kukiuliza.

Baba yako